Safu ya Tatu

Mjomba Wendelin alilichora daftari mwenyewe,
rula ya shaba, wino mweusi, mkono usiotetemeka:
*Kilichochomwa. Jivu. Kilichopotea.*
Nilikuwa na miaka kumi na saba. Lübeck, majira ya baridi,
dirisha la duka la dawa limeota manyoya ya barafu kwa ndani,
na kazi yangu ilikuwa kujaza.

Moto, alisema, ni kuagana.
Ndani ya mkaa, ndani ya bati, ndani ya nta
hukaa kiini kiitwacho flojistoni,
mpangaji asiyeonekana;
siku ya moto hufunga virago akatoka.
Linalobaki ni pango tupu. Ndilo jivu.

Msimwite mjinga.
Kwa kiini hicho alinieleza kutu ya bawaba,
na mshumaa unaozimika chini ya bilauri,
na kwa nini panya hufa palepale ulipozimikia:
hewa imeshiba, Geske, haipokei tena wahamaji.
Nani angehama nyumba yenye madirisha mengi hivyo?

Basi nikachoma bati, punje mia kamili.
Saa nne nakoroga kwa fimbo ya chuma
mpaka likawa unga mweupe. Likapoa.
Mizani ikasema: mia na ishirini na sita.

Nikafuta sahani kwa mvinyo mkali. Mia na ishirini na sita.
Nikahamisha ya kushoto kulia.
Nikamwita Tönnies, mtoto wa mwoka mikate,
apime yeye asiyejua tunatafuta nini.
Mia na ishirini na sita, akasema. Biskuti yangu iko wapi?

Moto huzaa jivu, ndiyo,
ila nani alisikia mtoto mchanga
akimshinda mama yake uzito?

Kalamu ikasimama juu ya safu ya tatu.
Kilichopotea: niandike nini?
Macho yangu yalikuwa mazima.
Kilichokosekana ni pa kuyaweka waliyoyaona.

Moshi wa mkaa umeingia, akasema mjomba.
Nikachoma upya kwa lenzi na jua, bila mkaa.
Akasoma. Akakuna sikio.
Basi kiini kina uzito hasi, akasema,
kikiondoka, kilichobaki huelemea.
Aliyasema polepole,
kisha akaomba kiti.

Mwezi wa Mei nikalifungia bati ndani ya chupa,
nikaiyeyusha shingo mpaka ikazibika,
nikaichoma kwa jua la adhuhuri.
Chupa nzima, kabla na baada: ileile, hata nusu punje.
Nikaivunja ncha.
Fyuu.
Hewa ikaingia kwa mluzi, na mizani ikashuka.

Kumbe mgeni alikuwa huku nje, pamoja nasi,
tukimvuta puani tukimsaka ndani ya bati.
Kuungua kukaacha kuwa kuagana.
Kuungua kukawa kuungana.

Nikalipiga mstari neno *Kilichopotea*,
juu yake nikaandika *Kilichoingia*.
Neno moja, na kurasa tisini za nyuma
zikabadilika bila kuguswa.

Mjomba hakugombana nami.
Aliishi miaka sita zaidi, na kila mshumaa ulipozimika
alisema, hewa imeshiba;
mimi nikasema, hewa imekwisha;
tukaketi katika giza lilelile, tukila jibini.

Sasa nina miaka sitini, na daftari nimelichora mimi.
Jana Elsabe, msaidizi wangu mpya,
alikuwa akipuliza vidole vilivyoungua kidogo,
akazitazama safu zangu moja moja.
Na joto, bibi, akauliza, linaandikwa wapi?

Nikaanza kumweleza kwamba joto halina uzito, kwa hiyo
halihitaji
Nikanyamaza hapo.
Nikajisikia naomba kiti.